Babu Aliyeandikwa Pembeni

Anayetafuta karatasi za serikali za miaka ya mwanzo kabisa ya Nakuru aanze na jambo moja: mji huo ulizaliwa Uganda. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapo mwaka wa 1900, nchi yote kuanzia Naivasha kwenda magharibi hadi Ziwa Viktoria ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka wa 1902 Waingereza waliusogeza mpaka ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja, na sehemu hiyo ya Bonde la Ufa ikaingia katika Himaya ya Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Wenyeji hawakuhama hata hatua moja. Waliohama ni makarani na majalada yao.

Nakuru ilitangazwa kuwa mji mwaka wa 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ikawa jiji. Katikati ya tarehe hizo mbili, ardhi inayoizunguka imebadilisha mikono mara nyingi, na kila mkono umeacha karatasi zake. Ndiyo sababu siku hizi watu wanaotaka kujua walikotoka, si mawakili na madalali peke yao, hubisha hodi kwenye ofisi za ardhi wakiwa na namba ya shamba la babu mfukoni. Wengi hutoka wamekunja uso. Wamelipata shamba, babu hawakumwona.

Sababu si uzembe wa karani. Kwa karibu miaka sitini, sajili ya ardhi ya bonde hili iliwekwa kwa ajili ya mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa Mzungu. Babu alikuwa pale pale, akikama ng'ombe Njoro, akipasua mbao Elburgon au akivuna pareto Molo, lakini jina lake halikuwa na nafasi kwenye hati. Anayemtaka lazima asome pembezoni mwa faili.

Ili Mzungu aandikwe, aliyekuwapo aliondolewa, na kuondolewa huko nako kuliandikwa. Agosti 1904 Kamishna Sir Donald Stewart alifanya mkataba na Olonana, laiboni (kiongozi wa kiroho) wa Wamaasai, pamoja na wazee wa koo mbalimbali. Wamaasai waliondoka Naivasha, Nakuru na nyanda za jirani, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini ya reli. Waliahidiwa kwamba makubaliano hayo yangedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani. Miaka saba baadaye, mwaka wa 1911, ukaandikwa mkataba wa pili, na wale wa Laikipia wakahamishiwa kusini. Parsaloi ole Gilisho na wenzake hawakukubali kunyamaza. Walitafuta mawakili, na mwaka wa 1913 kesi iliyofunguliwa kwa jina la ole Njogo na wengine ikatupwa kwa hoja kwamba mikataba ilikuwa kati ya mataifa mawili, kwa hiyo haikuwa kazi ya mahakama hiyo kuiamua. Nchi ilikwenda, majina yakabaki. Wazee waliotia alama zao wameorodheshwa pamoja na sehemu zao, na kwa wazao wao leo orodha hiyo ni nasaba iliyoandikwa kwa mkono wa adui. Ni bahati ambayo jirani zao wengi hawana.

Kisha kuna walowezi, na hao ni rahisi kuwapata kuliko wote. Mwaka wa 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka. Shamba hilo akaliita Equator Ranch. Baadaye alijikita Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, ambako familia yake ingali na ekari zipatazo 48,000. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 iliwaongezea walowezi muda hadi miaka 999. Aliyetunga hesabu hiyo hakufikiri kwamba wajukuu wa wajukuu wake wangeulizwa. Katiba ya mwaka wa 2010 iliipunguza kwa wageni wote wasio raia, ikarudi kuwa miaka 99. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka wa 1919, askari wa Kizungu waliostaafu waligawiwa mashamba kwa bahati nasibu iliyochezeshwa kwenye ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi. Wahindi waliojenga maduka ya Nakuru hawakuruhusiwa kununua shamba nje ya mji, kwa hiyo wajukuu wao hutafuta ploti za mjini tu.

Kila shamba la mlowezi lilipewa namba yake ya ardhi, likapimwa, likachorwa ramani yenye bikoni, na ramani ikahifadhiwa kwa wapima ardhi wa serikali, Ruaraka. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Hatimiliki ya leo ya robo ekari huko Kiamunyi au Lanet imekatwa kutoka kipande kikubwa zaidi, nacho kutoka kingine, hadi mtu anaifikia namba mama ya shamba zima. Akishalijua shamba na mwenye shamba, ndipo kazi ya kumtafuta babu inapoanza kwa kweli, maana karatasi za wafanyakazi zilipangwa kwa majina ya mabwana wao.

Kazi hiyo ina sheria zake. Mwaka wa 1918 serikali ilitunga sheria ya wenyeji wanaokaa mashambani, na skwota akatakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili yeye na jamaa yake waruhusiwe kulima kipande na kulisha mifugo. Mkataba ulitiwa saini au kidole gumba mbele ya ofisa. Sheria ilikazwa mwaka wa 1925, ikakazwa tena mwaka wa 1937. Katikati, mwishoni mwa miaka ya 1920, ng'ombe na mbuzi wa maskwota walifagiliwa kutoka mashambani kwa wingi, na wenyewe wakakiita kipindi hicho Kifagio. Mwanahistoria Tabitha Kanogo ameandika habari hizo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka wa 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, na hakuna mtu wa Nakuru anayetafuta ukoo wake anayeweza kukiruka.

Halafu kuna kipande, yaani kitambulisho cha mfanyakazi. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kukibeba ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni: jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Wanaume walikichukia, na haki yao. Lakini mjukuu anayekikuta leo chini ya sanduku la bibi amepata zaidi ya alichokitafuta, kwa sababu kinasema babu alihama mashamba mangapi na kwa mwaka gani, jambo ambalo hatimiliki haiwezi kusema.

Mfano mmoja unajulikana na wote. Josiah Mwangi Kariuki, yule J.M. wa siasa, alizaliwa mwaka wa 1929 Kabati-ini, kaskazini ya mji wa Nakuru, kwenye shamba la Mzungu. Wazazi wake walikuwa wametoka Chinga, Nyeri, mwaka mmoja tu kabla. Habari hizo tunazo kwa sababu aliziandika mwenyewe kwenye kitabu chake kuhusu maisha ya kizuizini kilichochapishwa mwaka wa 1963. Fikiria asingeandika. Mtafutaji angefungua sajili ya Kabati-ini ya mwaka wa 1929, akakuta jina la mlowezi, akafunga. Kwa upande wa Chinga angekuta mbari (ukoo) ya baba yake, lakini si mtoto aliyezaliwa mbali. Miaka michache baada ya uhuru jina la Kariuki huyo huyo likaingia kwenye faili za wenye mashamba, Gilgil, kwa kuwa sasa alikuwa mbunge na mtu wa mali. Alipouawa Machi 1975 alikuwa amekaa pande zote mbili za karatasi, na wachache sana wa kizazi chake wanaweza kusema hivyo.

Suala la Chinga linafungua mlango mwingine. Familia nyingi za Wakikuyu wa Njoro, Bahati, Subukia na Molo zilitoka Kiambu, Murang'a au Nyeri, na walikotoka ndiko kwenye mbari. Kati ya mwaka wa 1932 na 1933 Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter ilisikiliza madai ya ardhi nchini kote. Ripoti ilitoka mwaka wa 1934, na ushahidi ukachapishwa kwa mabuku matatu mazito. Hasa kutoka Kiambu, wazee walifika wakitaja githaka, yaani ardhi ya mbari yao, nani alikinunua kwa Wandorobo, alilipa mbuzi wangapi, na akamzaa nani. Walitaka kurudishiwa ardhi. Hawakurudishiwa kama walivyotaka, lakini wametuachia vizazi vitatu na vinne vya majina kwa chapa ya serikali. Mtu wa Elburgon anayejua jina la mbari yake asikose kuyapitia mabuku hayo, ingawa yanachosha.

Tume hiyo hiyo iliwatazama Waogiek wa msitu wa Mau na kupendekeza wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila mengine. Waogiek hawakuwa na hati. Walikuwa na mipaka ya koo, mito, na miti ya kutundikia mizinga, ambayo kila mtu mzima aliijua. Walipofika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, historia yao ya kufukuzwa ilisomwa pamoja na karatasi za wakoloni, na hukumu ya tarehe 26 Mei 2017 ikawapa ushindi. Juni 2022 mahakama iliamuru Kenya iwalipe fidia ya jumla ya shilingi milioni 157.85 na kuwapa hati za pamoja za ardhi ya mababu zao. Kwao kazi ilikwenda kinyume na ya wengine: walitoka kwenye ukoo kwenda kwenye hati.

Olenguruone nayo ina karatasi za aina yake. Mwaka wa 1941 serikali iliwapeleka huko Wakikuyu walioondolewa mashambani na kwenye ardhi ya Wamaasai, ikawapa masharti ya kulima na kurithi. Wao walisema hiyo ni fidia ya githaka, si kibali cha kukaa, wakakataa kutia saini na wakala kiapo wanawake kwa wanaume. Kufikia mwaka wa 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta. Kwenye majalada ya wakuu wa wilaya wanatajwa kama wakaidi na wavamizi. Kwa mtafutaji wa leo lugha hiyo isimkere kiasi cha kuifunga faili. Ukaidi uliwafanya waandikwe.

Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta alikutana na walowezi mjini Nakuru na kuwahakikishia kwamba hakuna kisasi. Baadhi walibaki. Wengi waliuza, na kuanzia hapo majina ya Waafrika yanafurika kwenye sajili kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni skimu za serikali, zilizonunua karibu ekari milioni moja kwenye nyanda za juu na kuzigawa. Aliyepewa kipande cha ardhi alibebeshwa mkopo wa Wadhamini wa Hazina ya Makazi, na mkopo huo umeandikwa. Njia ya pili, ambayo Nakuru iliijua kuliko wilaya nyingi, ni kampuni za kununua mashamba. Watu walichanga shilingi kidogo kidogo, wakapewa risiti na cheti cha hisa, kampuni ikanunua shamba zima la mlowezi, kisha siku ya kugawa kila mwenye hisa akachota karatasi yenye namba ya ploti yake. Ngwataniro iliongozwa na Kihika Kimani, aliyekuwa pia mbunge wa Nakuru Kaskazini. Nyakinyua ilikuwa ya wanawake. Ndeffo ilikuwa ya waliopigania uhuru wilayani Nakuru, na leo ni jina la mahali. Wengine walipata ekari zao, wengine walizeeka wakizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi. Ugomvi huo nao ni hazina kwa mtafutaji, kwa sababu wenye hisa walioshtakiana waliorodheshwa kortini kwa majina kamili.

Tuifungue basi kadi yenyewe ya sajili ya ardhi, ile ambayo Nakuru nzima inaiita grini kadi. Ina sehemu tatu. A inaeleza ardhi: namba, ukubwa, karatasi ya ramani, na siku sajili ilipofunguliwa. Namba husema mengi ikisomwa polepole. Njoro/Ngata, Miti Mingi/Mbaruk, Gilgil/Karunga, kila moja ikifuatwa na neno Block, na pengine jina la kampuni au la shamba la zamani likiwa limewekwa kwenye mabano. B ni wamiliki, kila mmoja na mstari wake: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, bei au neno la kuonyesha kwamba ni zawadi au urithi. Mstari wa kwanza mara nyingi ni serikali au kampuni, wa pili ndio babu. C ni mizigo. Hapo wengi hawaangalii, na hapo ndipo babu anapoanza kuwa mtu: alichukua mkopo wa Shirika la Fedha za Kilimo mwaka fulani, akaumaliza mwaka fulani, au hakuumaliza, shangazi aliweka zuio, mahakama ikaandika jambo.

Sachi, yaani upekuzi wa kawaida wa sajili, humtaja mmiliki wa sasa tu. Anayetaka historia aombe nakala ya kadi yote iliyothibitishwa na msajili.

Majina yana mitego. Kijana wa Kikuyu wa zamani aliitwa jina lake na la baba yake, na mtoto wake wa kwanza wa kiume akapewa jina la babu wa upande wa baba. Kwa hiyo Kamau Njoroge humzaa Njoroge Kamau, naye humzaa Kamau Njoroge, na kwenye shamba moja kuna Kamau Njoroge wawili waliopishana miaka hamsini. Mtafutaji asiye makini humwozesha bibi kwa mjukuu wake. Dawa ni namba ya kitambulisho pale ilipo, na pale isipokuwapo ni rika: wazee wa Kikuyu husema mwaka wa kutahiriwa kwa jina la rika, na Wakalenjin wa Rongai, Kuresoi na Solai wana Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach na wenzao, ambao humweka mtu kwenye kizazi chake bila kubahatisha. Ongeza hapo makarani walioandika walivyosikia. Jina moja huweza kuwa na herufi R kwenye kipande, L kwenye risiti ya kodi na kukosa zote mbili kwenye mkataba.

Wanawake hawapo, au wapo kwa kudokezwa. Hawakubeba kipande, na vitambulisho walianza kupewa mwishoni mwa miaka ya 1970. Jina la bibi lipo kwingine: kwenye jalada la mirathi mahakamani, ambako wajane na watoto hutajwa wote, waume kwa wake, hasa baada ya Sheria ya Mirathi kuanza kutumika mwaka wa 1981. Matangazo ya mirathi hiyo huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na magazeti hayo ya miaka mingi yanasomeka bure kwenye intaneti. Hiyo ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote, na ajabu ni kwamba wengi huifikia mwisho.

Majalada ya wakuu wa wilaya za Nakuru na Naivasha yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, kwenye jengo la zamani la benki katika Moi Avenue, Nairobi; hifadhi hiyo ina tawi Nakuru pia. Nakala za filamu za sehemu kubwa ya majalada hayo zimekuwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, tangu miaka ya 1960, na barua za magavana kwenda London ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, chini ya alama CO 533. Ni aibu kidogo kwamba msomi wa New York anaweza kusoma ripoti ya Nakuru ya mwaka wa 1925 kabla ya mwalimu wa Menengai, lakini ndivyo ilivyo.

Nyumbani karatasi zimepungua. Ghasia za Molo mwaka wa 1992, na za Nakuru na Naivasha Januari 2008, ziliteketeza nyumba pamoja na masanduku yake. Tangu Aprili 2021 serikali imekuwa ikihamishia sajili kwenye mfumo wa Ardhisasa, na hati za zamani zinabadilishiwa namba. Namba mpya haina kumbukumbu ya Mzungu wala ya kampuni. Mwenye hati ya zamani aandike namba yake ya kwanza mahali salama kabla haijafutika, na mwenye risiti ya hisa ya Ngwataniro au Ndeffo asiitupe eti kwa kuwa ploti ilishatoka; aipige picha pande zote mbili, maana nyuma ndiko walikoandika jina la aliyelipa.

Na mwenye bibi aliye hai Bahati, Molo au Subukia amuulize wiki hii mambo matatu: shamba walilokaa liliitwaje, wafanyakazi walimpa mwenye shamba jina gani la utani, na nyapara alikuwa nani. Ayaandike pamoja na tarehe ya mazungumzo. Kisha ndipo aende kwa msajili.